Kusoma Herufi na Tarakimu za Sarafu: Mwongozo Kamili wa Kutambua Tofauti

Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezibiwa njia ya bahari na hakuna sarafu mpya zilizokuwa zikifika kutoka Ulaya. Wakaamua kupiga zao wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Moja ya sarafu hizo ni ya heller 20. Ziweke mbili mezani, usome neno HELLER taratibu, kisha usimame kwenye zile L mbili. Kwenye sarafu moja unaweza kukuta ncha ya L ya pili imejikunja. Kwenye nyingine ncha za L zote mbili ni kali. Mwaka ni uleule, mji ni uleule na thamani haijabadilika. Kilichobadilika ni muhuri wa chuma uliozipiga.

Mwongozo huu unahusu kuona mambo ya namna hiyo, na zaidi ya kuyaona, kujua yapi yana maana. Herufi iliyokaa vibaya inaweza kuwa kazi ya fundi aliyechonga muhuri, inaweza kuwa mtikisiko wa mashine, na inaweza kuwa mikwaruzo ya miaka 40 mifukoni. Kwa macho ya haraka zote tatu zinafanana.

Kwanza, fahamu herufi imefikaje pale

Sarafu hupigwa. Kisahani kitupu cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikabanwa kwa nguvu nyingi mara moja. Kwenye muhuri, herufi zimezama ndani na zimegeuzwa kama zionekanavyo kwenye kioo. Kwenye sarafu zinatokeza juu na kusomeka sawasawa.

Zamani kila herufi na kila tarakimu iligongwa kwenye muhuri peke yake. Fundi alikuwa na panchi, yaani kipande cha chuma chenye herufi moja kwenye ncha: panchi ya A, panchi ya B, panchi ya 1, na kadhalika. Alishika panchi kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine, akagonga herufi baada ya herufi, zote zikiwa kinyume. Ukilielewa hilo hutashangaa tena ukikuta herufi iliyolala upande au nafasi zisizolingana. Kwenye baadhi ya senti kubwa za Marekani za mwaka 1796, neno LIBERTY linaonekana kama LIHERTY. Fundi alikuwa amegonga B juu chini, akagundua, akagonga B nyingine sawasawa juu yake, na alama za zote mbili zikabaki. Mwaka 1801 muhuri mmoja ulitoka na makosa matatu kwa pamoja: UNITED inasomeka IINITED, shada la majani limekosa kikonyo cha upande mmoja, na sehemu ya 1/100 imeandikwa 1/000. Maana yake ni dola moja iliyogawanywa kwa sifuri, nayo ikaingia sokoni na kutumika kama kawaida.

Baadaye ukaja utaratibu wa muhuri mama. Mchoro wote, pamoja na maandishi, huchongwa mara moja, kisha mihuri ya kazi hutengenezwa kwa kubanwa na huo mama. Herufi zikaanza kufanana. Lakini hata hapo viwanda vingi viliendelea kugonga mwaka kwa mkono, kwa kuwa mwaka hubadilika. Herufi ya kiwanda, ile inayoonyesha sarafu ilipigwa wapi, nayo iligongwa kwa mkono. Marekani waliendelea hivyo hadi kuelekea mwaka 1990. Kwa hiyo, ukiwa na sarafu ya karne ya 19, tegemea tofauti nyingi kwenye tarakimu za mwaka. Ukiwa na ya karne ya 20, angalia zaidi herufi ya kiwanda, na maandishi yaliyojirudia, ambayo nitayaeleza kwa kirefu chini.

Maswali matatu yatakufuata katika kila hatua. Je, tofauti hii ilikuwepo kwenye muhuri? Je, ilitokea wakati wa kupigwa? Au ilitokea baada ya sarafu kutoka kiwandani? Jibu likiwa la kwanza, sarafu nyingine zilizopigwa na muhuri huohuo zitakuwa na alama ileile mahali palepale. Hiyo ndiyo tofauti inayoandikwa kwenye orodha za wakusanyaji. Jibu likiwa la tatu, ulichonacho ni sarafu iliyoumia.

Vifaa na mwanga

Huhitaji vingi. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inatosha kwa kazi nyingi. Ya mara 5 ni nzuri kwa kutazama sarafu nzima kabla ya kukaribia. Ongeza mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia milimita, sumaku ndogo, na simu yenye kamera nzuri. Darubini ya kuunganisha na kompyuta inasaidia kupiga picha, ila usianze nayo. Inakuza mno, na mtu anayetazama kipande kidogo kama hicho huanza kuona "maajabu" kwenye kila kovu.

Mwanga una uzito kuliko lenzi. Taa ikiwa juu moja kwa moja, maandishi yaliyotokeza hupoteza vivuli na kila kitu kinaonekana bapa. Ishushe taa upande mmoja, karibu na usawa wa meza, kisha uizungushe sarafu polepole. Herufi itatupa kivuli, na kivuli ndicho kitakachokuonyesha kama ukuta wake ni mmoja au miwili. Tarakimu iliyosagika hadi kukaribia kufutika mara nyingi husomeka kwa mwanga huu wa ubavuni.

Shika sarafu kwa ubavu wake, kamwe usiweke vidole juu ya uso. Na usiisafishe. Najua hamu inavyokuja pale uchafu unapoziba herufi unayoitaka, lakini kusugua hutoa ngozi ya juu ya madini pamoja na ushahidi wote niliokwisha kuutaja. Nilisugua sarafu moja ya shaba nikiwa mgeni wa kazi hii ili nione vizuri tarakimu ya mwisho. Tarakimu niliiona. Ila kingo zake zilikuwa zimeshalainika, na tangu siku hiyo hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama chini yake palikuwa na tarakimu nyingine.

Soma kila kitu, herufi kwa herufi

Chukua karatasi na unakili maandishi yote kama yalivyo: nukta, nafasi, herufi kubwa na ndogo. Usiandike unachojua kwamba kimeandikwa, andika unachokiona. Macho yaliyozoea kusoma hujaza yenyewe, na ndiyo maana makosa makubwa hupita mikononi mwa maelfu ya watu bila kushtukiwa. Peso 50 za Chile za mwaka 2008 zilitoka zikiwa na jina la nchi limeandikwa CHIIE, na kosa hilo halikutangazwa hadi mwishoni mwa mwaka 2009. Ufilipino, sentimo 50 za mwaka 1983 zina tai aliyeandikiwa jina la kisayansi Pithecobhaga badala ya Pithecophaga. Zipo zenye kosa na zipo zilizosahihishwa, za mwaka uleule.

Si kila kinachoonekana kosa ni kosa. Kwenye sarafu zenye Kilatini, V husimama mahali pa U, ndiyo maana utasoma GEORGIVS. Kwenye florini za Malkia Victoria zenye mwandiko wa Kigothi, ufupisho BRIT ulibadilika kuwa BRITT kuanzia mwaka 1868. T iliyoongezwa haikuteleza kutoka mkononi mwa fundi: kwa desturi ya Kilatini, kurudia konsonanti ya mwisho kunaonyesha kwamba neno lililofupishwa liko katika wingi.

Maneno kamili nayo hubadilika. Uingereza ilipoingia kwenye mfumo wa desimali, peni 2 ziliandikwa NEW PENCE. Mwaka 1982 maneno yakawa TWO PENCE. Lakini baadhi ya sarafu za mwaka 1983 zilizowekwa kwenye seti za wakusanyaji zilitoka na NEW PENCE, kwa kuwa muhuri wa zamani wa upande wa nyuma uliingia tena kazini. Peni 2 za NEW PENCE za miaka ya 1970 ni za kawaida kabisa. Kwa hiyo maneno peke yake hayatoshi: soma maneno pamoja na mwaka.

Usiruke herufi ndogo zilizojificha. Herufi moja iliyo peke yake mara nyingi ni alama ya kiwanda. Ujerumani hutumia A kwa Berlin, D kwa Munich, F kwa Stuttgart, G kwa Karlsruhe na J kwa Hamburg. Sarafu nyingi za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni wa Uingereza zina H au KN, viwanda viwili vya Birmingham. Sarafu za euro za Ugiriki za mwaka 2002 zina kisa kizuri zaidi. Baadhi zilipigwa nje ya nchi, nazo zimewekewa herufi ndogo sana ndani ya mojawapo ya nyota: F kwa Ufaransa, S kwa Finland na E kwa Hispania. Bila lenzi ni nyota kama nyota nyingine.

Mwaka: jua kwanza ni kalenda gani na tarakimu gani

Watu wengi hukwama hapa, na si kwa sababu ni pagumu.

Tarakimu za Kiarabu zinazotumika Mashariki ya Kati zilikuwa pia kwenye sarafu za pwani yetu. Pesa ya shaba ya Zanzibar ya Sultani Barghash, yenye mchoro wa mizani, ina mwaka ١٢٩٩, yaani 1299 wa Hijria. Kupata mwaka wa Miladi kwa makadirio, punguza asilimia 3 kisha ongeza 622. Asilimia 3 ya 1299 ni kama 39; inabaki 1260; ukiongeza 622 unapata 1882. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi na huanza wakati tofauti, jibu linaweza kupungua au kuzidi mwaka mmoja. Ukitaka kujizoeza, tafuta pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ya mwaka 1890: upande mmoja una mwaka wa Miladi, na kwenye maandishi ya Kiarabu ya upande wa pili umo 1307. Sarafu inakupa swali na jibu kwa pamoja.

Kuwa mwangalifu na tarakimu hizi zikisagika. Sifuri ni nukta tu, na nukta hufutika upesi. ٢ na ٣ hutofautiana kwa jino moja. ٧ ikigeuzwa juu chini inakuwa ٨, basi hakikisha kwanza umeishika sarafu upande sahihi. Jitegemeze kwenye maandishi, usijitegemeze kwenye mwaka unaotaka kuusoma.

Iran walihamia mwaka wa jua, ambao unahitaji kuongezwa 621 bila kupunguza chochote. Thailand huhesabu kwa mwaka wa Kibudha, toa 543. Ethiopia iko nyuma kwa miaka 7 au 8 na ina tarakimu zake za Ge'ez. Japani huhesabu miaka ya utawala wa mfalme: kwa enzi ya Showa ongeza 1925, Heisei ongeza 1988, Reiwa ongeza 2018. Mwaka wa kwanza wa enzi hauandikwi moja, huandikwa 元. Mwaka 1989 una sarafu za aina mbili, Showa 64 na Heisei mwaka wa kwanza, kwa sababu Mfalme alifariki Januari 7.

Nikiwa bado Japani: yen 5 haina hata tarakimu moja ya 1, 2, 3. Thamani na mwaka vyote vimeandikwa kwa herufi za Kanji. Hadi mwaka 1958 ziliandikwa kwa mwandiko wa brashi, mistari ikinenepa na kukonda. Kuanzia 1959 zikawa za mistari iliyonyooka yenye unene mmoja. Hapo hata asiyejua Kijapani anaweza kutenganisha makundi mawili kwa mwandiko tu.

Kulinganisha: ukubwa, umbo, mahali

Sasa tunaingia kwenye kazi yenyewe. Tafuta sarafu mbili za aina moja na mwaka mmoja, au sarafu moja na picha nzuri ya nyingine. Usiulize "zinafanana?" maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza mambo matatu kwa zamu.

Umbo. Kila tarakimu ina mahali pake pa kuisaliti: mkia wa 6 na wa 9, tumbo la 3, kichwa cha 5, mguu wa 2. Senti za Marekani za mwaka 1960 zina tarehe kubwa na tarehe ndogo. Ukitazama ukubwa peke yake utayumba, lakini mkia wa 6 hauna ubishi: kwenye tarehe kubwa ni mrefu, kwenye ndogo ni mfupi. Senti za Kanada za mwaka 1965 zinatenganishwa kwa 5 yenye ncha kali au butu, pamoja na shanga za ukingoni, kubwa au ndogo, na kufanya aina 4. Senti 20 za Australia za mwaka 1966 zina aina adimu ambayo mguu wa 2 umepinda kama wimbi badala ya kunyooka.

Mara nyingine sababu ya tofauti inajulikana, na ukiijua husahau tena sarafu yenyewe. Mwanzoni mwa 1873, mkuu wa upigaji sarafu wa kiwanda cha Philadelphia, A. Loudon Snowden, alilalamika kwamba 3 ya mwaka huo imefungwa sana hadi inasomeka kama 8. Wakatengeneza panchi mpya yenye 3 iliyo wazi. Ndiyo maana sarafu nyingi za Marekani za mwaka 1873 zina "3 iliyofungwa" na "3 iliyo wazi". Ukitaka kuzitenganisha, tazama vile vivimbe viwili vya ncha za 3: je, vinakaribia kugusana au kuna mwanya unaopitisha macho?

Mahali. Hapa usitumie hisia, tumia kalipa au rula juu ya picha. Chagua kitu kisichohama, kama ncha ya pambo au mguu wa mchoro, kisha pima kutoka hapo hadi kwenye herufi. Peni ya Uingereza ya mwaka 1895 hutambuliwa hivyo: mwanya kati ya mkuki wa Britannia na P ya PENNY ni milimita 1 kwenye sarafu za kawaida, na milimita 2 kwenye zile adimu. Tukirudi Tabora, dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916 ina pambo la kulia linaloishia chini ya T ya OSTAFRIKA kwenye aina moja, na chini ya A inayofuata kwenye nyingine. Kwa senti za Marekani, tazama A na M za neno AMERICA. Kwenye chache za mwaka 1992 miguu yake inakaribia kugusana, wakati za mwaka huo kwa kawaida zina nafasi. Miaka ya 1998, 1999 na 2000 mambo yamegeuka, yenye nafasi ndiyo inayotafutwa.

Ukubwa nimeuacha mwisho kwa makusudi. Ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu herufi huonekana nene sarafu ikipigwa kwa nguvu nyingi, na nyembamba ikipigwa kwa nguvu ndogo. Muhuri uliochoka nao huvimbisha herufi.

Maandishi yaliyojirudia

Hapa ndipo wageni wengi huumia, na hapa ndipo ningependa utumie muda mrefu kuliko kwingine kote.

Muhuri wa kazi ulikuwa ukibanwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, kwa sababu chuma hukaza baada ya kubanwa na ilibidi kipashwe moto kwanza, ndipo kirudiwe. Ukirudishwa ukiwa umezunguka hata kidogo, herufi huingia mara mbili. Mfano unaojulikana zaidi ni senti ya Marekani ya mwaka 1955. LIBERTY, IN GOD WE TRUST na mwaka vyote vimejirudia wazi, hata bila lenzi. Inakadiriwa sarafu 20,000 hadi 24,000 za namna hiyo ziliingia mitaani.

Lakini kuna mrudio mwingine, wa kawaida mno, ambao chanzo chake ni mashine. Muhuri ukiwa umelegea husukuma herufi kidogo mara tu baada ya kuipiga. Matokeo yake pia ni herufi zinazoonekana mbili, na watu huzinunua kwa matumaini makubwa.

Zitenganishe hivi. Weka lenzi juu ya herufi moja yenye miguu, kwa mfano T au E, kisha tazama ncha zake. Kwenye mrudio wa muhuri, kila nakala ina mwili wake wa mviringo, na pale nakala mbili zinapokutana ncha hugawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Herufi nzima ni pana kuliko kawaida, maana kuna kitu kimeongezwa. Kwenye mrudio wa mashine utaona kingazi bapa, kinachong'aa, kimelala chini karibu na uwanja wa sarafu, yaani sehemu tambarare isiyo na mchoro. Herufi yenyewe imepunguzwa upande mmoja, kwa hiyo upana wake wote haujazidi, na mara nyingi umepungua. Pima upana. Huo ndio ushauri mmoja ambao ningekuachia ungekuwa na nafasi ya mmoja tu.

Namna ya tatu ni muhuri mzee. Herufi zinakuwa na ukungu kandokando, zimevimba kuelekea ukingoni, na uwanja una mikunjo inayotoka katikati kwenda nje. Hakuna ncha iliyogawanyika wala kingazi.

Mwaka juu ya mwaka husomwa kwa mantiki hiyohiyo. Muhuri ulioandaliwa kwa mwaka mmoja ulirekebishwa utumike mwaka uliofuata, au ulibanwa na mihuri mama ya miaka miwili, kama ilivyotokea kwenye senti 10 za Marekani za mwaka 1942 zenye 1 pembeni ya 2. Tafuta mistari ndani ya tumbo la tarakimu na nje ya kingo zake, kisha jiulize mstari huo ni wa tarakimu gani. Ukikuta kipande ambacho hakiingii kwenye tarakimu yoyote, huenda ni ufa wa muhuri au kovu.

Herufi zilizokosekana

Grisi na uchafu vikijaa ndani ya herufi ya muhuri, madini hayaingii na herufi hutoka nusu au haitoki kabisa. Hilo ni jambo la wakati wa kupigwa, na kwa kawaida halina uzito mkubwa. Ila kuna pale linapogeuka kuwa kisa. Mwaka 1922 senti za Marekani zilipigwa Denver peke yake, kwa hiyo zote zilipaswa kuwa na D. Zipo zisizo na D hata kivuli, kutokana na muhuri uliochakaa na kuhudumiwa vibaya. Wakusanyaji hudai upande wa nyuma wa sarafu hiyo uwe umetoka vizuri, ili ijulikane kwamba D haikufutwa na matumizi tu.

Ukosefu unaotokana na muhuri ni kitu kingine. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha michoro, na mwaka kwenye peni 20 ukahamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa kichwa. Muhuri wa kichwa wa zamani, usio na mwaka, ukakutanishwa na muhuri mpya wa nyuma, nao pia usio na mwaka. Sarafu zikatoka bila mwaka wowote. Kiwanda chenyewe kilikadiria kati ya 50,000 na 200,000.

Tazama ubavu pia, wengi huusahau. Dola za Marekani za mwaka 2007 zenye sura ya Washington zilibeba mwaka na herufi ya kiwanda ubavuni, na kuna zilizotoka na ubavu mtupu. Maandishi ya ubavuni yakiwa yameelekea juu au chini, hilo peke yake si ajabu, kwani sarafu hizo ziliandikwa ubavu baada ya kupigwa, zikiingia kwenye mashine zikiwa zimelala upande wowote.

Tarakimu zilizoghushiwa

Thamani ikiwa kwenye tarakimu moja, kuna atakayeichonga. Senti ya 1914 ya Denver hughushiwa kutoka ya 1944 ya Denver kwa kupunguza 4 ya kwanza ibaki 1. Tazama mwanya kati ya 9 na 1; kwenye ya kughushi ni mpana mno. Kisha tazama bega la Lincoln, rais aliye kwenye senti hizo: herufi V.D.B., za jina la mchoraji wa sarafu, zilirudishwa hapo mwaka 1918, kwa hiyo sarafu ya 1914 haiwezi kuwa nazo.

Senti za 1943 zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki, na chache sana zilitoka kwa bahati mbaya zikiwa za shaba. Waghushi hupaka shaba zile za chuma, na sumaku huwaumbua papo hapo. Wengine huchonga 8 ya 1948 iwe 3. Hapo sumaku haisaidii. Linganisha 3 na ile ya senti halisi ya chuma ya mwaka huo, ambayo mkia wake unashuka chini kuliko tarakimu jirani.

Kwa jumla, tafuta mikwaruzo midogo ya sambamba kuzunguka tarakimu, rangi tofauti ya uwanja mahali hapo tu, na tarakimu iliyosimama wima kama ukuta huku jirani zake zimelainika kwa matumizi.

Pima, kisha andika

Mizani hukamilisha kile ambacho macho hayawezi. Senti za Marekani za mwaka 1982 zina tarehe kubwa na ndogo, na pia zina madini mawili: ya shaba, gramu 3.11, na ya zinki iliyopakwa shaba, gramu 2.5. Kwa Philadelphia na Denver pamoja zilijulikana aina 7. Aina ya 8, tarehe ndogo ya shaba kutoka Denver, ilitangazwa kupatikana mwaka 2016, na aliyeipata hakuwa na njia ya kuitambua bila kuipima uzito.

Piga picha mbili za kila upande, taa ikiwa kushoto kisha ikiwa juu ya meza upande wa mbele, kamera haijasogea. Kivuli kitahama, lakini herufi ya kweli itabaki palepale. Kilichohama pamoja na mwanga kilikuwa mng'ao. Hifadhi sarafu kwenye vifuko visivyo na PVC, kwani plastiki hiyo huacha utando wa kijani unaokula madini.

Kwenye lebo andika ulichokiona kabla ya jina unalodhani ni lake: "Marekani, senti 1, 1960 D. Mkia wa 6 mfupi. Gramu 3.10. Miguu ya herufi haijagawanyika. Kingazi bapa upande wa kulia wa 0, upana haujazidi: mashine." Jina la aina liandike kwa penseli, pembeni.